Usaha umekata, maumivu yameisha: je, umepona kisonono?

Mwishoni mwa mwaka 2025 habari mbili kuhusu kisonono zilifuatana. Novemba, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema vijidudu vya ugonjwa huu vinazidi kuwa sugu kwa dawa. Desemba, mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha dawa mbili mpya za kumeza, zoliflodasini na gepotidasini.

Lakini swali linalotufikia kwenye simu ya kipindi ni la hapa hapa nyumbani: "Nilichomwa sindano, nikapewa na vidonge. Usaha umekata. Nimepona?"

Jibu letu ni kwamba dalili kuisha ni mwanzo wa kupona. Kupona kwenyewe kunategemea mambo matatu: kumaliza dozi, kusubiri siku 7, na mwenza wako kutibiwa. Tuyaangalie, tukianza na sababu ya dunia nzima kuwa na wasiwasi.

Dawa zinaisha nguvu

Kisonono kilianza kutibiwa kwa penisilini miaka ya 1940. Ikazoeleka, vijidudu vikajifunza kuishinda. Baadaye ikaja siprofloksasini, ile tunayoiita sipro. Nayo WHO iliacha kuipendekeza kwa kisonono mwaka 2016.

Takwimu za mwaka 2024 kutoka nchi 12, wakiwemo majirani zetu Uganda na Malawi, zinaonyesha usugu dhidi ya sipro umefikia asilimia 95. Kwa hiyo anayenunua sipro dukani ili kujitibu kisonono ana uwezekano mkubwa wa kutupa pesa yake na kubaki na ugonjwa.

Sindano inayotegemewa sasa inaitwa seftriaksoni. Katika nchi hizo, usugu dhidi yake ulipanda kutoka asilimia 0.8 mwaka 2022 hadi asilimia 5 mwaka 2024, na hali ni mbaya zaidi Kambodia na Vietnam. Maana yake bado inatibu wengi, ila mlango umeanza kufunguka.

Na hizo dawa mpya? Zoliflodasini ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 900 katika nchi 5, ikiwemo Afrika Kusini, na matokeo yalikuwa mazuri. Lakini kibali cha Marekani hakiifikishi dawa kwenye zahanati ya kijiji. Kila nchi ina taratibu zake za kuidhinisha na kununua. Kwa sasa, kazi yetu ni kuilinda sindano tuliyonayo.

Siku 7 za kwanza

Zahanati nyingi hazina kipimo cha kutofautisha kisonono na klamidia. Magonjwa haya yanafanana dalili na mara nyingi huja pamoja, hivyo mhudumu hutibu yote mawili: sindano ya kisonono, na vidonge vya klamidia, mara nyingi vya siku 7.

Mtego uko hapa. Sindano hufanya kazi haraka. Siku ya tatu unakojoa bila kuchomwa, unaona vidonge vimekuwa vingi mno. Wapo wanaoacha vilivyobaki kwa ajili ya siku nyingine, na wapo wanaogawana na mwenza, nusu kwa nusu. Hapo hakuna aliyetibiwa.

Meza vidonge vyote kama ulivyoelekezwa. Usishiriki tendo la ndoa kwa siku 7 baada ya sindano, na mpaka dozi iishe. Kama baada ya siku 7 usaha au maumivu bado yapo, rudi kituoni ueleze ulipewa dawa gani. Huenda kijidudu ni sugu, umeambukizwa upya, au ni ugonjwa mwingine. Usiende dukani kuongeza dawa kwa kubahatisha.

Mwenza asiyeumwa

Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote. Mume anatibiwa, anapona, anarudi kwa mke ambaye hajatibiwa, na wiki mbili baadaye usaha uko pale pale. Analaumu dawa, wengine wanasema wamelogwa. Kumbe kisonono hakiachi kinga mwilini: unaweza kukipata tena mwezi huo huo.

Kila uliyekutana naye kimwili katika miezi 2 hadi 3 iliyopita anatakiwa kutibiwa, kisha nanyi msubiri siku 7 zake pia. Tunajua mazungumzo hayo ni magumu na yanaweza kuvunja nyumba. Unaweza kumwomba mhudumu akusaidie kumwambia. Ila usimpe mkeo vidonge kwa siri ukimwambia ni vya malaria. Ana haki ya kujua, na akiwa mjamzito baadhi ya dawa, kama doksisaiklini, hazimfai.

Ukimya una gharama. Maambukizi yasiyotibiwa hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Dawa huua kijidudu, haifuti kovu. Hapo ndipo hutokea ugumba na mimba kutunga nje ya kizazi. Mtoto anayezaliwa na mama mwenye kisonono anaweza kupata maambukizi ya macho na hata upofu.

Baada ya hapo

Pimeni VVU na kaswende, kwa sababu magonjwa haya hutembea pamoja. Baada ya miezi 3, rudi upimwe tena kama kipimo kipo.

Kwa waliotibiwa kaswende, jambo moja huleta ugomvi bure. Kile kipimo cha haraka cha damu kinachotumika kliniki ya wajawazito kinaweza kuendelea kuonyesha kaswende kwa miaka mingi, hata kwa aliyepona. Tunza kadi yako ya matibabu na uionyeshe kila unapopimwa.

Lawama si za mgonjwa peke yake

Watu hawakimbilii duka la dawa kwa ukaidi tu. Zahanati iko mbali, dawa wakati mwingine hakuna, na unaelezwa ugonjwa wako huku foleni nzima ikisikiliza. Hayo ni mambo ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji na kwenye kamati ya zahanati: sindano ipo? Kuna chumba cha kuzungumza kwa faragha? Pasipo hayo, sipro itaendelea kuuzwa, na usugu utaendelea kukua.

Kama leo uko katikati ya dozi, angalia vidonge vimebaki vingapi. Vimalize. Kisha mwambie mwenzako.