Kanisa Lipanuke, Lakini Njia ya Mtoto Isizibwe

Kwa muda wa miezi kadhaa sasa, wakazi wa mtaa ninamoishi, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, wamekuwa wakivutana na kanisa moja linalokusudia kubomoa jengo lake la zamani na kusimamisha jipya litakalowaketisha waumini 1,000 badala ya 400. Mvutano huo umefikia kiwango cha majirani kununiana. Waumini wanaitwa wavamizi, nao wanaopinga ujenzi wanaitwa maadui wa Mungu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeiacha kando hoja ya msingi, nayo ni usalama wa barabara inayopita mbele ya kanisa hilo, ambayo ndiyo njia ya watoto wetu kuelekea shuleni.

Mitaa mingi ya Eastlands, kama vile Buruburu na Umoja, ilianza kujengwa katika miaka ya 1970. Barabara zake za ndani zilikusudiwa kuwahudumia wenye nyumba na wageni wao wachache. Tangu wakati huo nyumba zimeongezewa vyumba na orofa, maduka yamefunguliwa kwenye nyua, na bodaboda zimejaa kila pembe. Upana wa barabara, hata hivyo, haujaongezeka hata kwa shubiri moja.

Hebu tufanye hesabu ambayo haimshindi mwanafunzi yeyote wa shule ya upili. Gari moja huhitaji maegesho yenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, yaani mita mraba 12.5. Ukijumlisha nafasi ya kuingilia, kugeuzia na kutokea, kila gari hudai takriban mita mraba 25. Iwapo ni muumini mmoja tu kati ya kila kumi atakayekuja kwa gari lake, tutakuwa na magari 100, nayo yatahitaji mita mraba 2,500. Kiwanja cha kanisa letu ni nusu ekari, ambayo ni kama mita mraba 2,000. Kwa hivyo, hata kama kanisa lisingejenga ukuta wowote juu ya kiwanja hicho, magari hayo yasingeenea. Yatakayosalia nje yataegeshwa barabarani.

Gari linapoegeshwa kando ya barabara nyembamba, kinachomezwa kwanza ni kijia cha wapita njia. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo na mwanafunzi mwenye mkoba hulazimika kutembea katikati ya lami. Mtoto wa darasa la kwanza akichomoza baina ya magari mawili, dereva anayekuja hawezi kumwona mapema. Sheria yetu ya Trafiki inaruhusu mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika miji. Kwa mwendo huo, gari hukata takriban mita 14 kwa kila sekunde moja, hata kabla mguu wa dereva haujaigusa breki. Ndiyo sababu mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani uliofanyika Stockholm mwaka wa 2020 ulipendekeza kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Katika miaka ya karibuni, ajali zimewaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni la wapita njia.

Wapo wanaodai kwamba ibada ni Jumapili, siku ambayo shule zimefungwa. Dai hilo halina mashiko. Jumapili ndiyo siku ambayo watoto huwa barabarani kutwa nzima, kwa kuwa mtaa wetu hauna uwanja wa michezo. Isitoshe, kanisa la siku hizi lina maombi ya adhuhuri, harusi za Jumamosi, mikutano ya matanga na mikesha ya Ijumaa.

Sisemi haya kwa kulichukia kanisa. Kanisa hilo limewalipia karo watoto wasiojiweza na limewazika maskini wetu kwa heshima. Aidha, kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 53, inaagiza kwamba maslahi ya mtoto yapewe uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kanuni hii inafaa imwandame kila ajengaye, awe ni mwenye kanisa, msikiti, baa au duka kubwa.

Wakazi nao wana lao la kujibu. Wengi hupiga kelele baada ya msingi kuchimbwa. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka wa 2019 inamtaka kila anayetaka kujenga apate kibali cha serikali ya kaunti, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati maalumu ya kaunti. Anayengoja siku ya kumi na tano hana wa kumlaumu.

Napendekeza hivi. Kwanza, kanisa liweke ramani yake hadharani, likionyesha idadi ya viti na mahali pa kila gari. Ikiwa nafasi haitoshi, viti vipunguzwe. Pili, lizungumze na shule jirani ili uwanja wake utumike kuegesha magari siku za Jumapili kwa ada itakayoifaa shule. Tatu, liache muda wa kutosha baina ya ibada moja na nyingine ili wanaotoka wasikutane na wanaoingia. Nne, kaunti ijenge matuta na kuweka nguzo fupi pembeni mwa vijia vya miguu kabla ya jengo kufunguliwa.

Nanyi walimu, msiliache jambo hili kwa wanasiasa. Wapeni wanafunzi daftari wahesabu magari na wapita njia kwa saa moja, siku ya shule na siku ya ibada. Takwimu zilizoandikwa na watoto wenyewe zikiwasilishwa katika baraza la mtaa, zitakuwa na nguvu kuliko matusi ya watu wazima.

Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Katika ugomvi huu nyasi ni watoto, na ramani bado iko mezani. Wakati wa kuwatafutia njia salama ya kupita ni sasa, kabla fundi hajamwaga zege.