Risasi Moja Inatosha, Wacheni Kujificha Nyuma ya Magazini

Wasee, wacha niseme kitu kitakachowaudhi wengi: kama unaenda kuwinda kulungu na lazima uwe na risasi tano ndani ya bunduki ndio ujiamini, shida si bunduki. Shida ni wewe.

Kila mwaka msimu ukikaribia, napata maswali kutoka kwa Wakenya walio Texas, Minnesota na Ohio. Wamezoeana na majirani, wamealikwa msituni, wamelipia leseni, na sasa wanataka bunduki ya kwanza. "Buda, ninunue gani?" Na kabla sijajibu, mtu ashajijibu. Ameona video ya jamaa akiangusha dume kwa yadi 700, kwa hivyo anataka magnum, anataka magazini, anataka darubini kubwa kama thamosi ya chai. Jibu langu ni lile lile: nunua bunduki ya risasi moja, halafu ujifunze kujaza risasi zako mwenyewe.

Kabla hamjaanza kelele, tuelewane. Naongea kuhusu Marekani. Hapa nyumbani uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaongeza adhabu. Hata huyo kulungu wa mkia mweupe hatuna. Wa kwao dume huota pembe na kuziangusha kila mwaka. Swara wetu pembe zake ni za maisha. Kwa hivyo asitokee mtu Laikipia na bunduki akisema nilimtuma.

Bunduki ya risasi moja ni rahisi kuelewa. Haina magazini. Unatia risasi moja kwa mkono, unafyatua, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Kuna zile za kuvunjika katikati kama shotigani ya zamani. Henry na CVA bado wanaziunda. Halafu kuna zile ambazo ukivuta mkono wa chini, kipande cha chuma kinashuka na kufungua nyuma ya mtutu. Ruger No. 1 ni ya aina hiyo, iko sokoni tangu 1967, na wazo lake linatoka kwa bunduki ya Farquharson, Mskoti aliyesajili ubunifu wake 1872. Kwa sababu hakuna bolti ya kurudi nyuma, bunduki nzima inakuwa fupi kwa inchi kadhaa hata kama mtutu ni mrefu vile vile. Ukiwa umejibana juu ya mti alfajiri na baridi ya Novemba, hizo inchi utazishukuru.

Lakini sababu yangu kubwa si inchi. Ni akili. Mtu akijua ana risasi moja, anafanya kazi yote kabla ya kuvuta triga. Anangoja mnyama ageuze ubavu. Anaangalia nyuma ya mnyama kuna nini, nyumba ama mtu. Anatafuta pa kuegemeza mkono. Mapafu na moyo wa kulungu ni eneo la kama inchi 8 hivi, sahani ndogo ya chai. Ama una hakika utaipiga hiyo sahani, ama unashusha bunduki na kurudi kesho. Mwenye magazini ana njia ya tatu, na ndiyo inayonikera: "wacha nijaribu, nikikosa nitaongeza." Hiyo ya kuongeza, kwa mnyama anayekimbia, ndiyo inavunja mguu, inapasua tumbo, na kulungu anaenda kufia kichakani siku mbili baadaye. Nyama imepotea, mnyama ameteseka, na video haikuonyesha hiyo sehemu. Video huonyesha tu yule aliyeanguka.

Na hizo yadi 700? Fanyeni hesabu. Risasi ya magnum inayotoka mtutuni kwa futi kama 3,000 kwa sekunde inapunguza kasi njiani, kwa hivyo kufika yadi 700 inachukua karibu sekunde nzima. Ndani ya hiyo sekunde kulungu anaweza kupiga hatua moja tu, na ulichokilenga kama moyo sasa ni matumbo. Hakuna darubini inayoweza kukuambia mnyama atafanya nini sekunde ijayo. Huyo wa video anacheza kamari, na dau ni mwili wa mnyama.

Wawindaji wa ukweli walikuwa wanajua kukaribia. Waata wa pande za Tsavo walimnyemelea ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, hatua chache tu kutoka kwake. Hebu fikiria hiyo roho. Halafu wewe na jaketi la kuficha rangi, dawa ya kuua harufu na simu yenye ramani ya shamba lote unashindwa kufika yadi 150?

Sasa tuongee ukubwa wa risasi, kwa sababu hapo ndipo pesa zenu zinaliwa. Kulungu hahitaji magnum. .30-30 imekuwa ikiwaangusha tangu 1895. 7x57 ni ya 1892, na hiyo ina historia yake hapa kwetu: W.D.M. Bell, yule Mskoti aliyeitwa Karamojo Bell kwa sababu ya safari zake Karamoja, Uganda, aliua zaidi ya ndovu 1,000, wengi wao kwa hiyo risasi ndogo. Simsifu. Alikuwa anafuata pembe, na ndovu hao hawatarudi. Lakini ametuachia ushahidi usiopingika: alijua umbile la mnyama na alijua pa kupiga. Kama 7x57 ilitosha ndovu, usiniambie kulungu wa kilo 70 anahitaji kitu kinachokutegua bega. Teke kubwa linakufundisha kufumba macho kabla ya triga, na ukishazoea kufumba macho, hakuna bei ya darubini itakayokuokoa.

Hapo ndipo kujaza risasi mwenyewe kunaingia. Risasi nzima ni vitu vinne: ganda la shaba, kiwashio kidogo kitakoni, baruti, na kichwa kinachotoka. Ukifyatua, ganda linabaki. Unalisafisha, unalirudisha umbo kwa mashine ya mkono, unatia kiwashio kipya, unapima baruti, unakalisha kichwa. Vipimo ni vya greni, na greni 7,000 ndizo zinafanya ratili moja. Mizani ya kazi hii inasoma hadi sehemu ya kumi ya greni. Mama mboga akipima sukuma wiki anaweza kukuongezea jani la mapenzi. Hapa hakuna jani la mapenzi.

Kwa nini iende na bunduki ya risasi moja? Kwa sababu magazini hukuamulia mambo mengi. Risasi lazima iwe fupi vya kutosha kuingia ndani yake. Zile bunduki za mkono wa chini kama Winchester ya 1894 zina magazini ya bomba, risasi zinapangwa foleni, ncha ya moja ikigusa kiwashio cha iliyo mbele. Ndio maana .30-30 ya kiwandani kwa kawaida ina kichwa bapa: chuma chenye ncha kali kingeweza kuwasha mwenzake. Kwenye bunduki ya risasi moja hakuna foleni. Unaweza kutumia kichwa chenye ncha, kinachokata hewa vizuri na kutunza kasi, kwa kipimo cha kitabu. Risasi ya babu inapata ujana.

Vile vile risasi za kopa tupu. Risasi ya timazi ikigonga hupasuka, na vipande vidogo vinabaki kwa nyama utakayowapa watoto. California ilikataza timazi kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, hasa kwa sababu ya ndege wakubwa waliokuwa wakila mizoga na kufa kwa sumu. Kopa ni nyepesi kuliko timazi, kwa hivyo kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi. Bila magazini ya kukubana unapata nafasi, mradi mtutu wako unakubali. Na ukijaza mwenyewe, unachagua mwenyewe. Hungoji duka likuchagulie kile watoto wako watakula.

Faida nyingine ni mazoezi. Unaweza kujaza risasi laini, kwa vipimo vya kitabu, zenye teke dogo, ukapiga nyingi bila kuogopa bega. Mtoto ama mke wako anayejifunza hatatishwa siku ya kwanza.

Lakini sikilizeni, na hapa sicheki. Hii si kazi ya kubahatisha. .45-70 ni ya 1873, na vitabu vya kujaza huigawanya mara tatu: kipimo cha Springfield ya zamani, cha bunduki za mkono wa chini za kisasa, na cha Ruger No. 1 iliyo imara kuliko zote. Ganda ni moja. Ukitia kipimo cha Ruger kwenye Springfield ya babu, umeshika bomu karibu na jicho lako. Anza na kipimo cha chini kabisa kitabuni, panda polepole. Kopo moja tu la baruti mezani. Angalia ndani ya kila ganda kabla ya kukalisha kichwa, usije ukatia baruti mara mbili. Simu iwe mbali, pombe iwe mbali zaidi. Na usichukue kipimo kwa video ya mtu, hata iwe yangu.

Sheria pia. Marekani, serikali kuu haidai leseni kwa anayejijazia risasi za kutumia mwenyewe. Ukianza kuuza, hapo unahitaji leseni. Soma na sheria za jimbo lako. Illinois, ambako wengi wenu mko Chicago, ilikuwa haikubali raifo kwa kulungu. Imeanza kukubali 2023, lakini za risasi moja tu, na za vipimo maalum. Kwa hivyo msiniambie naongea mambo ya wazee. Jimbo zima limeandika kwa sheria kile ninachosema.

Najua mtakayoandika pale chini. Ati, "Na ukimjeruhi je, si unahitaji ya pili haraka?" Sawa. Shika risasi ya pili katikati ya vidole, fanya mazoezi ya kufungua na kutia, utaweza kwa sekunde chache. Hizo sekunde chache zinakupa nafasi ya kuona mnyama yuko wapi kabla ya kupiga tena. Ati, "Risasi za dukani siku hizi ni nzuri." Kweli, ni nzuri sana, na kama huna subira ya kupima baruti, nunua za duka. Afadhali hizo kuliko uvivu mezani. Ati, "Ruger No. 1 zingine hutawanya risasi." Pia kweli, mbao ya mbele ikibana mtutu vibaya utaona kwa karatasi. Pima, rekebisha, ndio kazi yenyewe.

Na ile ya mwisho: "Wewe uko Nairobi, unajua nini kuhusu kulungu?" Kasi ya risasi haiombi viza. Na huruma kwa mnyama sikufundishwa na Mmarekani. Ukienda Pwani, mchinjaji anayejua dini yake ananoa kisu vizuri, na hanoi mbele ya mbuzi. Anajua kisu butu ni dhuluma. Hakuna anayemsifu kwa kubeba visu vitano.

Basi wewe uliye huko, ukisimama dukani na muuzaji akuonyeshe ile ya risasi kumi, muulize swali moja: kulungu mmoja ana mioyo mingapi?