Mto Pangani na Watu Wake

Mwezi huu nataka tufuatane kando ya mto mmoja, tangu chanzo chake hata baharini. Mto huo ni Pangani, ambao sisi wa Korogwe tumezoea kuuita Ruvu.

Nilipokuwa mtoto mama alinifundisha desturi ya mtoni. Maji ya kunywa huchotwa juu. Chini yake watu huoga. Chini zaidi hufuliwa nguo, na mwisho kabisa hunyweshwa wanyama. Siku moja nilinawa miguu yenye tope mahali pa kuchotea, nikachapwa mbele ya watu. Nikalia, nikasema, "Mbona maji yanakwenda zake?" Mama akanijibu, "Yanakwenda kwa mwenzio." Neno hilo nililishika kwa hofu ya fimbo tu, wala sikulielewa.

Basi, tuanze juu. Maji ya mto huu hutoka katika milima miwili: Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, na Meru ulio magharibi yake. Wengi hudhani ya kuwa theluji ndiyo iujazayo mto. Sivyo, sehemu kubwa ni mvua inyeshayo juu ya misitu, ikanywewa na ardhi, kisha ikatokea katika chemchemi. Huko Wachaga tangu kale wamechimba mifereji waiitayo mifongo, ipitayo ubavuni mwa mlima hata migombani. Kila mfongo una watu wake na zamu zake, na afunguaye maji siku isiyo yake ana neno la kujibu mbele ya wenzake.

Kutoka Meru na kusini mwa Kilimanjaro waja mto Kikuletwa. Kutoka mashariki, kwa njia ya ziwa Jipe lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya, waja mto Ruvu. Yote miwili huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Maji yalipojaa wavuvi wakaja, na vijiji vikaota kando yake.

Toka hapo mto hushika njia ya kusini, milima ya Upare ikiwa mkono wa kushoto na nyika ya Wamasai mkono wa kulia. Nchi hiyo ni kame, na watu na ng'ombe huutegemea mto. Zamani ulikuwa ukifurika katika vinamasi vya Kirua, nyasi zikaota na samaki wakazaana. Lakini tangu bwawa lilipojengwa mafuriko yamepungua, na vinamasi vimenywea.

Ndipo tufikapo kwetu Korogwe. Zamani za vita wazee walijenga vijiji katika visiwa vya mto, maji yawe ngome yao. Mwaka 1902 reli ya kutoka Tanga ilifika, na watu wakavutwa kwenye reli. Chini ya Korogwe mto hupokea Luengera utokao Usambara, kisha huanguka kwa kishindo. Huko mitambo ya umeme ilijengwa, ya Hale mwaka 1964, na mipya ya Maporomoko ya Pangani mwaka 1995. Kwa hiyo hata mtu akaaye mbali na mto huenda anasoma kwa taa iliyowashwa nao.

Mwisho wa safari ni mji wa Pangani, na Bweni ng'ambo. Hapo misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikifika pwani, na hapo Abushiri bin Salim alinyongwa na Wadachi mwezi wa Desemba 1889.

Mwaka jana nilimwendea dada yangu aliyeolewa kijiji kimoja karibu na hapo. Aliniletea maji katika kata, nikayaonja, nikamtazama. Akasema, "Kaka, kisima chetu kimeingia chumvi. Ndiyo maji tuliyo nayo." Akanionyesha jaruba la mpunga lililokauka. Kwa maana bahari hupanda mtoni kila maji yajaapo, na mto wenye nguvu huirudisha. Lakini mto uliopunguzwa huko juu hushindwa, na chumvi ikapanda mbali zaidi.

Sikulala vema usiku ule. Nami nina bustani ya mboga Korogwe, niliyoilima hata ukingoni kabisa. Nilikata miti iliyoshika udongo, na mashine yangu ya maji nilikuwa nikiiacha ivute mchana kutwa. Sheria ya mwaka 2004 yakataza kazi za namna hiyo katika mita 60 za ukingo. Niliijua, nikajiambia bustani yangu ni ndogo. Niliporudi niliirudisha nyuma, nikapanda miti. Nimepoteza matuta 11 ya mchicha, na mke wangu alinuna hata nilipomweleza habari ya kata ile.

Walimu, wapelekeni watoto mtoni mlio karibu nao, mkawaulize maji yale yanakwenda kwa nani. Wazazi, wekeni zamu za mfereji na kuzishika. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya miti ifaayo kupandwa kando ya maji.