Mwigizaji Hazaliwi Mbele ya Kamera

Wapo wenzetu wanaodai kuwa michezo ya kuigiza shuleni huwapotezea vijana wakati wa masomo. Sisi tunawakatalia. Watu haohao hutazama filamu za Kitanzania na kulalamika kwamba waigizaji wake hawajui kusema wala kunyamaza. Watavunaje wasichokipanda?

Jukwaa la shule humfunza kijana kupaza sauti imfikie aliyekaa benchi la nyuma, na kumsikiliza mwenzake kabla ya kumjibu. Kamera hudai mengine: husogea hadi usoni, na ishara iliyofaa jukwaani hugeuka kelele. Daraja la kutoka jukwaani hadi kwenye filamu ni mafunzo. Taifa lilichangia kulijenga mwaka 1981 kwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Hata hivyo, wapo watengenezaji filamu wanaomchukua kijana kwa uzuri wa sura tu, na sura ikichuja humtupa.

Hatuna budi kusema wazi: shule isiyo na jukwaa inalinyima taifa waigizaji, na mtengenezaji filamu anayedharau mafunzo anakula mbegu.