Wahandisi washuke sokoni, Nassa inajenga bila wao

SOKO la vifaa vya ujenzi la Nassa, wilayani Busega katika mkoa wa Simiyu, huenda na pamba. Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, na wakulima wakalipwa, maduka ya vifaa yaliyo kando ya barabara kuu ya Mwanza-Musoma hupata wateja wa bati, saruji, misumari na nondo. Mkulima aliyekuwa akihangaikia dawa ya pamba kwa mkopo miezi michache nyuma, sasa anataka nyumba ya kudumu. Hiyo ni dalili njema ya uchumi wa vijijini, na wenye maduka wanaijua.

Hata hivyo, katika orodha ya manunuzi ya mkulima huyo kuna bidhaa moja ambayo haionekani kabisa, nayo ni ushauri wa kitaalamu. Atalipia saruji, mchanga na kokoto, atamlipa fundi mwashi na kibarua wa kusomba maji, lakini hatatoa hata senti moja kwa mhandisi, msanifu majengo au mkadiriaji majenzi. Si kwamba ni bahili. Hajawahi kumwona mtu akiuza bidhaa hiyo Nassa.

Swali linalojitokeza ni hili: Taasisi ya Wahandisi Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1975, pamoja na chama cha wasanifu majengo, vipo kwa ajili ya nani?

Gharama ya udongo mweusi

Kujenga bila ushauri kuna bei yake. Sehemu nyingi za Usukumani, Simiyu ikiwamo, zina udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo unafaa kwa pamba na mpunga, lakini kwa nyumba ni adui. Wakati wa mvua hunyonya maji na kuvimba. Kiangazi hukauka, husinyaa na kupasuka. Msingi mfupi uliolazwa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na baada ya misimu michache kuta huanza kuachia nyufa kwenye pembe za milango na madirisha.

Dawa yake inajulikana. Msingi uchimbwe hadi kwenye udongo mgumu, au udongo mweusi uondolewe na kujazwa changarawe inayoshindiliwa vizuri. Mkanda wa zege ufungwe kwa nondo. Na maji ya mvua yaelekezwe mbali na kuta. Mtaalamu anaweza kumweleza mkulima hayo yote kwa nusu saa akiwa amesimama kiwanjani. Mkulima asiyepata maelezo hayo huokoa fedha ya ushauri, kisha huitumia mara kadhaa zaidi kuziba nyufa zisizozibika. Jasho la msimu mzima wa pamba linakuwa limelazwa kwenye mali inayoshuka thamani kabla hata haijapakwa rangi.

Bodi ni bodi, chama ni chama

Wananchi wengi huchanganya vyombo viwili vyenye kazi tofauti. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni chombo cha serikali, kinachofanya kazi chini ya Sheria Namba 15 ya mwaka 1997 iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1968. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 2010, na makandarasi wana yao chini ya Sheria Namba 17 ya mwaka 1997. Bodi hizo husajili, hukagua na kuadhibu. Kwa maneno mengine, ni askari wa soko.

Chama cha kitaaluma ni mali ya wanachama wenyewe, wanaojiunga kwa hiari na kulipa ada. Kazi yake ni kukuza ujuzi, kulinda heshima ya taaluma na kuishauri serikali. Askari anaweza kuzuia bidhaa mbovu isiuzwe, lakini kumfikishia mteja bidhaa nzuri si kazi yake. Hapo ndipo chama kinapohitajika, na hapo ndipo kilipolegea.

Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 29, 2013 na kuua watu 36, taifa zima lilishtuka. Lilishtuka tena Novemba 16, 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo. Nyakati kama hizo tume huundwa na wataalamu husikika kila mahali. Nyumba ya chini ya mkulima wa Nassa ikipasuka, hakuna tume inayoundwa. Hasara ni ya mwenye nyumba peke yake, na jirani anayejenga mwaka unaofuata hurudia kosa lilelile.

Fundisho la madarasa

Wapo watakaosema kwamba ujenzi wa vijijini si saizi ya mhandisi. Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, sehemu yake ilipangwa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa Sh milioni 20 kila moja. Kazi hiyo ilifanywa kwa kutumia mafundi wa maeneo husika badala ya makandarasi. Fedha ilibaki vijijini, na hilo ni jambo jema. Lakini mhandisi wa halmashauri alijikuta na maeneo mengi ya kusimamia kwa wakati mmoja na muda mfupi wa kumaliza. Fursa ya chama kujitolea kusaidia usimamizi ilikuwa wazi kabisa.

Vijana nao wapo. Bodi ya wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3 kwa wahitimu wa uhandisi. Chama kingeweza kuwapeleka baadhi yao kwenye magulio ya Nassa, Nyashimo na Lamadi wakati wa malipo ya pamba, chini ya mhandisi mzoefu, wakatoa ushauri kwa ada ndogo. Kingeweza pia kuchapisha ramani chache za nyumba za kawaida, zikiwa na msingi unaofaa udongo wa mbuga na orodha kamili ya vifaa, zikauzwa dukani pamoja na saruji. Mwenye duka atazipokea kwa furaha, kwa kuwa orodha ya vifaa ndiyo biashara yake.

Tahadhari mbili

Chama kisidhani kwamba suluhisho ni kuiomba serikali imlazimishe kila mjenzi kuajiri mtaalamu. Sheria isiyolipika huzaa rushwa na mihuri ya kukodi. Wala kisigeuke genge la kupanga bei, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hailikubali. Bei ishuke kwa wingi wa wateja. Wajenzi mia moja wanaolipa kidogo kwa ramani moja iliyochorwa mara moja ni biashara inayomlipa mchoraji vizuri kuliko mteja mmoja mkubwa anayesubiriwa mwaka mzima.

Wanaodhani kwamba soko hili litawasubiri wanajidanganya. Nchi za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana kwa wasanifu majengo mwaka 2011 na kwa wahandisi mwaka 2012. Barabara inayopita Nassa inaendelea hadi Musoma na Sirari, mpakani na Kenya. Mtaalamu wa jirani mwenye njaa ya kazi anaweza kufika Nassa kabla ya yule wa Dar es Salaam.

Wakati umefika kwa viongozi wa vyama hivi kupima mafanikio yao kwa nyumba zilizosimama sawasawa, na si kwa idadi ya semina za hotelini. Pamba itauzwa tena na misingi itachimbwa tena. Mkulima wa Nassa atakapofika dukani na fedha yake mkononi, amkute pale mtu wa kumwambia achimbe futi ngapi.