Si ni kubonyeza tu?

Ukisikia mteja akisema “si ni kubonyeza tu?”, jua mazungumzo ya bei yameanza na wewe ndiye unayeshushwa. Siku hizi wanasema hivyo wenye studio, wanasema wapangaji wa harusi, wanasema wenye maduka ya mtandaoni wanaotaka picha 300 za viatu kufikia kesho asubuhi. Wamesikia kwamba Photoshop hujiendesha yenyewe. Kwa hesabu yao basi, anayeiendesha hafai kulipwa kama mtu.

Ukweli ni kwamba hujiendesha, sikatai. Tangu toleo la 4.0, mwaka 1996, Photoshop ina kitu kinaitwa Actions. Hapa nitakiita aksheni. Unabonyeza kitufe cha kurekodi, unafanya kazi yako kwa picha moja, unazima. Hatua zote zimehifadhiwa kwa mpangilio. Kisha unaingia File, Automate, Batch, unaionyesha folda nzima, unaenda kutafuta chapo. Ukirudi imemaliza.

Piga hesabu. Kupunguza ukubwa, kunoa kidogo, kuweka nembo pembeni, kusevu: tuseme sekunde 40 kwa picha, ukiwa na mkono mwepesi. Picha 400 za harusi ni sekunde 16,000, karibu masaa manne na nusu ya kurudia kitu kilekile. Hakuna sanaa hapo. Wale wazee wa kazi (wengine wana miaka 26, lakini wanaongea kama wazee) wanaodai kila hatua lazima iguswe kwa mkono, wanachotetea ni maumivu ya kifundo cha mkono. Mimi siko upande wao.

Swali langu ni lingine: hayo masaa yaliyookolewa ni ya nani? Mdosi anasema ni yake. Kazi iliyokumaliza mchana wote sasa inaisha kabla ya chai ya saa nne, basi unaongezwa folda tatu kwa pesa ileile. Ama unaambiwa bei ya picha imeshuka kwa sababu “mashine ndiyo inafanya.” Mbona basi bibi harusi hajashushiwa? Bei yake iko palepale.

Na aksheni haikuota ndani ya kompyuta. Jaribu kuirekodi ovyo uone. Ukirekodi Image Size kwa upana wa pikseli 2,000, picha zilizolala zitatoka vizuri, lakini zilizosimama zitapanda hadi urefu wa 3,000. Anayejua hutumia Fit Image, ambayo inawekea kikomo pande zote mbili. Ukirekodi kusevu kwa jina fulani na usahau kuweka alama kwenye Override Action “Save As” Commands, unaweza kukuta folda ina picha moja tu, kila moja imeandikwa juu ya mwenzake. Halafu kuna kile kisanduku kidogo kando ya hatua, kinachoifanya aksheni isimame na kukuuliza. Kuamua kiwekwe wapi ndiyo kazi yenyewe. Mimi hukiweka kwenye mwanga, kila mara. Picha ya kanisani na ya bustanini hazitaki mwanga sawa, na ngozi nyeusi iliyong’arishwa kwa kipimo cha picha nyingine hutoka kijivu, kama mtu amepakwa majivu.

Ujuzi wote huo unakaa kwenye faili ya .atn, ndogo kiasi cha kutumwa kwa simu. Hapo ndipo watu wanaibiwa. Nimeona kijana akichukuliwa na studio miezi mitatu “ajifunze”, akawatengenezea aksheni za kila kitu, kisha akaambiwa msimu umeisha. Faili ilibaki. Yenyewe haikuambiwa msimu umeisha.

Mwangalie fundi wa nguo. Ukutani ana vipande vya karatasi ngumu vya kukatia kola na mikono, vimetundikwa kwa msumari. Sijasikia mteja akimwambia apunguze bei ya shati eti kwa sababu kola hakuipima upya. Na akihama kibanda anavitoa ukutani, anaenda navyo. Nani atamwita mwizi?

Wenye studio watasema sheria ni yao, na hawajakosea kabisa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa kufanya, ama uliyoifanya ukiwa mwajiriwa, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza ama kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hilo “isipokuwa” ndilo letu. Kubalianeni vingine, kwa maandishi, kabla hujafungua folda ya kwanza. Baada ya harusi hakuna atakayeshika simu yako.

Kwenye invoisi usiandike masaa. Andika picha 400, na bei ya kila moja. Masaa ni siri yako na kibodi yako. Aliyeagiza picha amepata picha. Halafu ongeza mstari mmoja: aksheni zimetumika, hazijauzwa. Akitaka kubaki na ile .atn, itajie bei, na isiwe ya kuoneana aibu, maana anachonunua ni kazi yako ya msimu ujao.