Mwenye Kuuza Si Mshauri wa Mtoto

Umepata mtoto wa kwanza. Pengine umehamia Dar es Salaam, umepanga chumba Kariakoo. Mama na shangazi wamebaki kijijini. Usiku mtoto analia. Utamwuliza nani?

Kariakoo washauri hawakosi. Mwenye duka la dawa atasema mpe mtoto dawa ya tumbo. Mwenye duka la vyakula atasifu maziwa ya kopo. Mmachinga atakuuzia dawa ya mchango. Kabla ya kukubali, jiulize maswali matatu. Je, huyu atapata fedha nikimsikiliza? Je, amempima mtoto wangu? Je, kesho nitampata nimwulize tena?

Muuguzi wa kliniki hafanyi biashara nawe. Anampima mtoto uzito na kuandika katika kadi. Mwezi ujao utarudi kwake. Kutoka sokoni Kariakoo hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu. Kijijini, nenda zahanati.

Atakuambia nini? Mpe mtoto dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya njano. Usiyamwage. Miezi 6 ya mwanzo mpe maziwa ya mama tu. Hata maji usimpe. Apate chanjo akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18.

Hatari ya kumsikiliza muuzaji inajulikana. Mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo ya watoto. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994.

Je, bibi asisikilizwe? La, bibi tunamhitaji. Atakupikia uji. Atambeba mtoto ili ulale. Lakini akitaka kupaka majivu kitovuni, usigombane naye. Nenda naye kliniki, asikie mwenyewe. Baba naye afuatane nanyi.

Mtoto akikataa kunyonya, akipumua haraka, akipata degedege, au mwili ukiwa wa moto, usiulize mtaani. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Sasa, kadi ya mtoto wako iko wapi? Itoe. Tazama tarehe ya kurudi kliniki. Zamani ulisomewa na wengine. Leo unajua kusoma. Isome mwenyewe.